Kando ya Dar es Salaam kwa Miguu na kwa Baiskeli

Huenda mwaka huu umekusudia kuwaleta jamaa zako Dar es Salaam kwa gari, ama kwa arusi, ama kwa kipaimara cha mpwa wako, ama kuwasalimu wazee tu. Mkija hivyo, yamkini mtauona mji kama wageni wengi wauonavyo, yaani kupitia dirisha la gari. Mtaingia kwa Barabara ya Morogoro. Mtasimama Kibaha, mtasimama Mbezi, mtasimama Kimara, na kila mnaposimama mtauziwa karanga na maji ya chupa. Siku chache baadaye mtarudi kwa barabara ile ile, na watoto wakiulizwa shuleni Dar es Salaam ikoje, watajibu kwamba ni foleni.

Ni hasara, maana mji huu una pembezoni nzuri sana. Hapa nataka kuwaeleza njia ambazo mtu aweza kuzipita asubuhi kwa miguu yake au kwa baiskeli, akaona bahari, vilima, magofu na vijiji, naye asitumie fedha nyingi. Mbili ziko upande wa Kinondoni. Moja yaanzia Temeke na kwenda Kigamboni. Na ya mwisho iko Pugu, ambako kwa hesabu ya serikali si Temeke wala Kinondoni, lakini mtu wa Temeke hupaona kuwa ni kwa jirani. Sizitaji kwa uzuri wake tu. Baadhi ya njia hizi zinazidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, na moja yapo imeanza kuliwa na bahari upande mmoja na kuta upande wa pili. Afadhali watoto wetu wazione zikingalipo.

Kwanza niseme neno juu ya kukimbia. Zamani mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu waliuliza anakimbizwa na nani. Siku hizi hawaulizi. Jumamosi na Jumapili alfajiri, huko Temeke, Mbagala, Sinza na Mwananyamala, utakutana na vikundi vya watu wamevaa fulana za rangi moja, vijana kwa wazee, akina mama wengi, wanakimbia polepole huku wanaimba. Wao huita jambo hilo "jogingi". Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tunalijua kwa jina la mchakamchaka, na tofauti ni kwamba sisi tulilazimishwa. Mgeni akitaka kujiunga nao kwa asubuhi moja hawamfukuzi. Hata asipojua nyimbo, ataitikia.

Nchi hii imekwisha toa wakimbiaji wakubwa. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, naye Juma Ikangaa alishinda mbio ndefu za New York mwaka 1989. Lakini wewe huhitaji kasi hiyo. Wahitaji viatu visivyokubana, maji, na kuamka mapema.

Kuamka mapema ndiyo siri ya mambo haya yote. Jua la Dar es Salaam huchomoza karibu na saa 12 kamili mwezi wa Novemba, na mwezi wa Julai huchelewa hadi saa 12 na nusu na zaidi kidogo. Ifikapo saa 2 na nusu joto limekwisha kuwa kali, na magari yamejaa. Basi una saa mbili tu zilizo njema. Walakini usitoke gizani kabisa, hasa ukiwa peke yako, maana vibaka nao huamka mapema.

Jambo la pili ni upepo. Watu wa bara hawaujali, lakini mpanda baiskeli wa pwani huuheshimu kama dereva anavyoheshimu mlima. Toka Juni hadi Septemba huvuma kusi, upepo utokao upande wa kusini, nao una nguvu. Desemba hadi Februari huja kaskazi. Kanuni ni hii: anza safari ukiukabili upepo ungali na nguvu za asubuhi, ili ukirudi umechoka, upepo ukusukume. Anayefanya kinyume huona raha wakati wa kwenda, kisha hurudi amepanda daladala na baiskeli imefungwa nyuma.

Jambo la tatu ni maji ya bahari, kwa wale watakaokimbia mchangani. Maji yakipwa, mchanga wa chini huwa mgumu kama sakafu na miguu haizami. Maji yakijaa, hubaki na mchanga mlaini wa juu, ambao huchosha upesi na kuumiza vifundo. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka sana kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Ukisahau hesabu hii, muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama saa.

Sasa njia zenyewe. Ile ya kwanza nitaipita haraka, maana inajulikana na wengi. Ni ile ya Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa Machi 2022, lenye urefu wa kilometa moja na kidogo, lipitalo juu ya bahari kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan hadi karibu na Coco Beach. Lina njia za wapita kwa miguu pembeni. Ukisimama katikati jua linapochomoza, mbele yako ni bahari tupu, na nyuma yako waona mikoko ya mlango wa Mto Msimbazi na Daraja la Selander, lililojengwa mwaka 1929. Toka hapo waweza kuendelea kwa Barabara ya Toure kuzunguka rasi ya Msasani hadi Masaki, bahari ikiwa mkono wako wa kuume muda mrefu. Njia hii ni safi na salama kuliko zote nitakazozitaja, na kwa mtu anayeanza ndiyo inayofaa. Lakini mwisho wa juma hujaa watu, na kila hatua kumi yuko anayejipiga picha, nawe wajikuta umo katika picha za watu usiowajua. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni mihogo. Hapo Coco Beach huuzwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, na watoto waliokimbia kilometa tatu huila bila kusihiwa.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi. Yaanza Kawe, yapita Mbezi Beach, na kuishia Kunduchi.

Kama mnatoka bara, waombeni wenyeji wenu mlale pande za Mbezi Beach au Tegeta, ili gari lipumzike uani na safari ianze mlangoni. Kutoka Kawe, ambako zamani palikuwa na kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers na jina lake bado lipo midomoni mwa watu, unaliacha gari na kushika barabara za ndani za Mbezi Beach. Msifuate Barabara ya Bagamoyo. Hiyo ni pana na tambarare, lakini malori na mabasi huipita kwa kasi, na dereva wa daladala akiona abiria mbele hamwoni mwenye baiskeli kando. Barabara za ndani zina vumbi hapa na pale, zina mbwa, zina bodaboda. Lakini zina kivuli cha miembe na minazi, na kila mara upande wa bahari kichochoro hufunguka, nawe waona rangi ya buluu mwisho wake. Kwa baiskeli ni mwendo wa saa moja na kidogo, bila haraka. Wakati wa kusi, fanyeni kinyume: anzeni Kunduchi kwenda Kawe, ili upepo uwarudishe.

Kunduchi ni kijiji cha wavuvi cha zamani. Fika pwani asubuhi mashua zinaporudi, uone samaki wanavyonadiwa na kina mama wanavyowakaanga katika makarai makubwa papo hapo. Ng'ambo ya maji waona kisiwa cha Mbudya, kimoja katika visiwa vilivyofanywa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Na ndani kidogo, katikati ya mibuyu, yako magofu: msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo ndefu za mawe, ambazo wenyewe walizipamba kwa kupachika vyombo vya kaure kutoka China. Waonyesheni watoto matundu ambamo vyombo vile vilikuwa. Watauliza sahani za China zilifikaje Kunduchi, nanyi mtakuwa na mazungumzo ya njia nzima ya kurudi. Ila magofuni msiende mmoja mmoja. Nendeni kundi, mchana, na mwenyeji awe pamoja nanyi.

Wasiwasi wangu ni juu ya ufuo. Kwenye Barabara ya Bagamoyo kuna kituo cha daladala kiitwacho Afrikana. Vijana wengi hushuka pale kila siku wasijue jina lilitoka wapi. Lilitoka kwa hoteli ya Africana, iliyokuwa ufuoni na ikivutia wageni wa ng'ambo. Bahari iliila. Ilimega ufuo kidogo kidogo hata majengo yakaanguka na kuachwa. Hoteli ilitoweka, kituo kikabaki.

Sababu si bahari peke yake. Ufuo huishi kama shamba lenye mbolea: kila mwaka hupoteza, na kila mwaka huongezewa. Mchanga wake huletwa na mito midogo ishukayo kutoka vilimani, kisha mawimbi ya kusi huusukuma polepole kuelekea kaskazini, na kila kipande cha pwani hupata fungu lake. Sasa mji ulipokua, watu walihitaji kujenga. Saruji waliipata karibu, maana kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966. Na mchanga waliuchota katika mito ile ile, wakaupakia malori. Hivyo mchanga uliopasa kufika ufuoni ukawa nyumba za Sinza na Tegeta. Tena, kwa miaka mingi baruti za wavuvi haramu zilivunja matumbawe yaliyokuwa yakiyapunguza mawimbi nguvu. Kisha wenye hoteli na majumba walipoona bahari inawajia, walijenga kuta za mawe kuingia majini. Ukuta wa namna hiyo hunasa mchanga upande wa kusini, na jirani aliye kaskazini hukosa fungu lake, naye hujenga wake, na hivyo hivyo.

Matokeo yake kwa mtu wa miguu ni haya. Siku moja nilikuwa nakimbia mchangani pande hizo nikafika mahali ambapo ukuta wa jumba moja ulishuka hata kwenye maji. Palikuwa na mzee anashona wavu chini ya mvinje.

"Shikamoo, babu," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wakwenda wapi?"

"Nataka kupita kwenda upande ule. Njia iko wapi?"

"Njia ipo," akasema. "Ila maji yakijaa, haipo. Kaa kitako, yapwe."

Nikakaa. Akanieleza kwamba alipokuwa kijana, pale tulipokaa palikuwa mbali na maji, na wanawake walianika dagaa mbele yake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja umri wa mtoto. Yalipopwa, nikavua viatu nikapita, maji yakiwa vifundoni.

Nimelikumbuka neno la mzee yule mara nyingi, maana sheria inasema vingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Nenda Mbezi Beach hadi Kunduchi upime kwa hatua zako, kisha ujionee mwenyewe ni mahali pangapi unapoweza kuhesabu hatua 20 kabla ya kugusa ukuta. Bahari ikila upande mmoja na kuta zikisimama palepale upande wa pili, kinachotoweka ni kile cha katikati, nacho ndicho cha watu wote: mahali pa mvuvi kuvutia mashua yake, pa mtoto kucheza mpira, na pa mgeni wa Dodoma kuiona bahari bila kununua soda ya bei kubwa kwanza.

Kwa hiyo mkienda, ulizeni vichochoro vya zamani vya kushukia pwani. Mtu wa serikali ya mtaa anavijua, na wauza samaki wanavijua zaidi. Piteni humo. Kichochoro kikikaa miaka miwili bila mpita njia, asubuhi moja utakikuta kina geti.

Tuvuke sasa upande wa kusini wa mji. Watu wa Kinondoni hudhani Temeke ni kwa kwenda mpirani tu, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kurudi. Lakini safari nzuri kuliko zote za baiskeli, kwa kadiri nijuavyo, huanzia Temeke.

Anzeni Kurasini mapema sana, kabla malori ya bandarini hayajaamka. Hapo mtalikuta Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680, njia sita za magari, na njia za miguu kila upande. Kabla yake, mtu wa Kigamboni alikuwa na mambo mawili tu: kungoja pantoni Magogoni, au kuzunguka mbali kwa Kongowe. Pandeni daraja polepole. Upande mmoja mtaona mikoko na mitumbwi katika mkono wa bahari uingiao Mtoni. Upande wa pili ni bandari na mitambo yake mirefu ya kupakulia. Ng'ambo mnateremkia Vijibweni, na barabara inakwenda hadi Kibada, kisha mnashika kushoto kuelekea Mjimwema. Eneo hili lilikuwa la Temeke hadi Kigamboni ilipofanywa wilaya peke yake.

Kutoka Mjimwema barabara hufuata pwani kwenda kusini, na hapo ndipo safari inapokuwa tamu. Minazi ni mingi, nyumba zinapungua, na magari nayo hupungua. Watoto wa kule bado humsalimu mpanda baiskeli asiyemjua. Wakati wa kusi upepo utawapiga usoni njia nzima ya kwenda, nanyi mtanung'unika. Lakini jioni, au saa 4 mkirudi, hamtakanyaga sana.

Mwisho wa safari ni Gezaulole. Jina hili ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Zamani kijiji kiliitwa Mbwamaji, nao ulikuwa mji wa pwani wenye biashara yake kabla Dar es Salaam haijawa kitu. Makaburi ya kale na masalio ya kuta yapo hata leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilipaanzisha kuwa kijiji cha ujamaa, na watu wasio na kazi mjini wakahamishiwa huko kulima. Fikiri, msomaji, kijana wa Kariakoo, hajashika jembe, ashushwa mwituni na kuambiwa "jaribu uone". Wengine walirudi mjini. Wengine walibaki, wakalima, wakavua, na wajukuu wao ndio watakaowauzia madafu.

Mimi hupapenda mahali hapa kuliko Kunduchi, kwa sababu moja tu. Ufuo bado mpana. Waweza kukimbia mchangani maji yakipwa na usikutane na ukuta kwa muda mrefu, ingawa mawe ya mipaka ya viwanja yameanza kuonekana, na anayetaka kujua Kunduchi ilikuwaje miaka 60 iliyopita yampasa aje huku sasa, asingoje. Fukwe za kusini zaidi, kuelekea Kimbiji, kasa hupanda kutaga mayai mchangani usiku. Mkikuta alama zake asubuhi, kama njia ya gurudumu pana itokayo majini, msifukue. Waacheni watoto watazame tu.

Kurudi, msirudi kwa daraja. Kutoka Mjimwema nyoosheni hadi Kigamboni na kuvuka kwa pantoni. Baiskeli hukubaliwa, na nauli ni ndogo. Mtasimama katikati ya watu, kuku, ndoo za samaki na pikipiki, mji ukiwajia mbele polepole, na hapo watoto watauona uso wa Dar es Salaam kama mabaharia walivyouona. Mzunguko wote, kutoka Kurasini hadi Gezaulole na kurudi Magogoni, ni wa nusu siku kwa mtu mzima mwenye pumzi. Wenye watoto wadogo wafike Mjimwema tu.

Njia ya mwisho si ya bahari. Ni ya vilima vya Pugu, kilometa 20 na ushei kutoka katikati ya mji, kwa Barabara ya Nyerere, kupita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto. Msipande baiskeli toka mjini. Barabara ile ina msongamano wa kuchukiza. Pelekeni baiskeli kwa gari hadi Pugu, au nendeni kwa miguu tu. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria wa Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 nayo ina stesheni huko Pugu.

Hapa hewa ni nyingine. Vilima hupanda mita 200 na zaidi juu ya bahari, na asubuhi huwa na ubaridi unaomfanya mtu wa Temeke aulize kama amesahau koti. Njia ya kupanda kuelekea Kisarawe itawafundisha unyenyekevu. Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu miaka ya mwanzo ya 1950, hata akaacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Hapo pia ndipo Wabenediktini walipoanza misheni yao mwaka 1888, ikashambuliwa na kuangamizwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi ni kipande kilichosalia cha misitu ya pwani iliyokuwa mikubwa sana. Wachoma mkaa wameula kwa miaka mingi, maana jiko la mji wote lilikuwa likitazama huko. Sasa husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na mgeni hulipa kiingilio na kuongozwa. Lipeni, msipitie nyuma. Kuna mapango yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini, na popo wamo ndani kwa maelfu. Nendeni jioni jua likizama, msimame kando ya mlango, muwaone wakitoka kwa pamoja kama moshi.

Juu ya baiskeli zenyewe niseme machache. Huhitaji baiskeli ya mashindano. Hizi kukuu za kutoka Ulaya na Japani, ziuzwazo mitumba, zenye matairi manene, zafaa kuliko zile nyembamba, maana mchanga na makorongo ya barabara za ndani hayapendi tairi jembamba. Angalieni breki zote mbili kabla ya kuteremka Pugu. Chukueni pampu na kiraka. Fundi baiskeli yuko karibu kila mtaa wa Temeke, chini ya mti, na tundu la tairi huliziba upesi. Mbezi Beach ni wachache, kwa kuwa huko watu wana magari. Baiskeli ikipita mchangani karibu na maji ya bahari, ioshwe kwa maji baridi siku ile ile na mnyororo upakwe mafuta, la sivyo chumvi itaula ndani ya juma moja.

Na simu iwekeni ndani ya mfuko wenye kifungo, si mkononi. Hasa mkiwa darajani.